Moshi Usio na Kabila

Aprili 1977, Mengistu Haile Mariam alisimama mbele ya umati katika Uwanja wa Mapinduzi, Addis Ababa, akavunja chupa zenye kimiminika chekundu kama damu. Wapinzani wake walielewa. Mwaka huohuo mhadhiri mmoja wa jiografia aliihama Ethiopia na familia yake, wakafika Michigan, Marekani. Binti yake, Julie Mehretu, alikuwa mtoto wa shule. Leo ni kati ya wachoraji dhahania wanaojulikana zaidi duniani.

Uwanja ule, uliokwisha kurudia jina lake la Meskel, umo katika kazi yake ya 2012, Mogamma. Ni turubai nne, kila moja ina urefu wa zaidi ya mita 4. Mehretu alipanga michoro ya majengo ya viwanja vya maandamano, Tahrir wa Cairo ukiwemo, mmoja juu ya mwingine mpaka mistari ikasongamana. Juu yake kuna alama fupifupi nyeusi, kama watu wanaokimbia ukiwaona kutoka ghorofani. Mogamma lenyewe lilikuwa jengo la ofisi za serikali pale Tahrir, lile la njoo kesho.

Baadaye akageukia picha za habari. Huchukua picha ya ghasia au moto, akaitia ukungu kwenye kompyuta mpaka zibaki rangi tu, kisha huzihamishia kwenye turubai, akachora juu yake kwa wino, akafuta, akachora tena. Hineni (E. 3:4), ya 2018, ilitokana na moto wa misitu ya California, na akilini mwake vilikuwamo pia vijiji vya Warohingya vilivyochomwa Myanmar. Nilipomwonyesha mzee jirani yangu hapa Keumbu kwenye simu, alisogeza miwani, akauliza, "Kijana, hapo si ni Chebilat?"

Kutoka Keumbu ukifuata lami hadi Keroka na kuendelea, unafika Chebilat, mpakani mwa Borabu na Sotik. Mapema 2008 nyumba zilichomwa huko, za Wakisii na za Wakipsigis. Kila picha ya moto ilipotokea tuliuliza kwanza: hiyo ni ya nani? Tukishajua, ndipo tuliamua kama tutahuzunika ama tutanyamaza. Turubai ya Mehretu haikupi jibu hilo, kwa hiyo unabaki na moto wenyewe.

Lakini aliyepoteza nyumba ana haki ya kuukataa ukungu huu. Yeye anataka iandikwe: boma lake, siku ile, na nani aliwasha kiberiti. Ukungu unaweza kumfaa sana mwenye kiberiti. Hoja hii ni nzito, na kusema kweli hakuna mchoro unaoimaliza. Ni kazi ya Tume ya Waki, iliyohesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa nchini na kufunga majina ya washukiwa wakuu ndani ya bahasha. Bahasha ikakabidhiwa Kofi Annan, naye akaipeleka Hague mwaka 2009. Kufikia Aprili 2016, kesi dhidi ya washukiwa sita walioshtakiwa huko zilikuwa zimekwisha bila yeyote kupatikana na hatia.

Hata hivyo, ningependa mtu aione Hineni kabla hajaambiwa ni moto wa wapi.