Safu ya Lugha: Kutibu si kuponya

Mwanza, kama kwingineko Kanda ya Ziwa, ugonjwa wa selimundu huwapata watoto wengi, na siku hizi husemwa kwamba dawa ya haidroksiyurea “inaponya”. Hapana, inatibu. Kutibu kumetokana na Kiarabu, nako ni kushughulikia ugonjwa. Kuponya ni neno la Kibantu, halistahili kutumika kabla ugonjwa haujaisha. Dawa hii huamsha jeni za himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambazo mwili huzififisha baada ya kuzaliwa, na chembe nyekundu zikapunguza kujipinda mithili ya mundu. Lakini jeni yenye kasoro inayoleta ugonjwa ingali palepale. Mtu atauliza: mtoto halii tena kwa maumivu ya mifupa, si amepona? Amepata nafuu, neno zuri tu. Akiacha vidonge, himoglobini hiyo ya mtoto aliye tumboni itashuka.