Picha ya ubongo na usahaulifu wa uzeeni

Mzee anapopotea katika mtaa alioishi miaka mingi, jamaa zake mara nyingi husema ni uzee tu. Kuchelewa kukumbuka jina la mtu kweli ni jambo la kawaida umri unaposonga. Kupotea karibu na nyumbani ni dalili inayomtaka daktari. Baadhi ya visababishi vyake hutibika vikigunduliwa mapema, na hapo ndipo picha ya ubongo inapofaa zaidi.

Mashariki mwa Uganda, huduma za hospitali zinazosifika zaidi zilijengwa kwa ajili ya watoto. Nalufenya, mjini Jinja, ndiko iliko sehemu ya watoto ya hospitali ya rufaa. Mbale iko hospitali ya CURE, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambako daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa watoto waliojaa maji kichwani. Ni wachache wanaojua kwamba maji hayo huweza kuujaa pia ubongo wa mzee. Salomón Hakim wa Colombia na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1965: mgonjwa huburuta miguu kana kwamba imenata sakafuni, hushindwa kuzuia mkojo, na kumbukumbu hufifia. Akiwekewa mapema mrija wa kuyapunguza maji, huenda akatembea vizuri tena, na pengine akakumbuka.

Mashine ya CT, itumiayo eksirei, huyaonyesha maji hayo kwa dakika chache. Huonyesha pia uvimbe, kiharusi cha zamani, na damu iliyokusanyika kati ya fuvu na ubongo wiki kadhaa baada ya anguko dogo ambalo hakuna aliyelijali.

MRI hutumia sumaku, nayo huona kwa undani zaidi. Humwezesha daktari kupima hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya na ambayo husinyaa mapema katika ugonjwa wa Alzaima. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Mbarara kiliunda pamoja na wataalamu wa Uholanzi na Marekani MRI ndogo yenye sumaku dhaifu mara 30 hivi kuliko ya kawaida. Ilikusudiwa watoto wenye maji kichwani. Kwa kitu kidogo kama hipokampasi, picha zake ni hafifu mno.

PET ndiyo inayoweza kuona protini ya amiloidi kabla usahaulifu haujaanza. Hospitali ya Aga Khan mjini Nairobi inayo tangu 2018, ila kazi yake kubwa ni saratani.

Hata hivyo, ubongo wa mzee mwenye akili timamu nao husinyaa kiasi, na picha safi haimaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Kwa hiyo daktari huanza kwa maswali, kipimo cha shinikizo la damu, na vipimo vya damu vya kaswende, VVU, tezi ya shingo na vitamini B12. Anayeishi na mzee aandamane naye, kwa kuwa mgonjwa hawezi kueleza alichosahau. Na kama ipo picha ya miaka iliyopita, ibebwe: tofauti kati ya picha mbili humweleza daktari mengi kuliko picha moja.