Kiluwiluwi Anayezaa

Masika yakikolea, madimbwi ya Mbagala na Mabwepande hujaa viluwiluwi wa chura. Dimbwi likikauka kabla hawajaota miguu, wamekwisha. Kwao kukua ni mbio, na tumeizoea hali hiyo hata tukadhani ni sheria ya jamii yao nzima.

Lakini mwaka 1864 aksoloti 34, salamanda wa Mexico walio jamaa ya chura, walifikishwa Paris. Walikuwa na matamvua nje ya shingo kama watoto, wakaishi majini na kuzaana humohumo. Mwaka uliofuata Auguste Duméril, aliyekuwa akiwatunza wachache wao, aliona baadhi ya watoto wao wakipoteza matamvua na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Kumbe wazazi walikuwa wamezaa wakiwa bado na umbo la utotoni!

Siri ilikuwa shingoni. Mwaka 1912 Friedrich Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya shingo ya mnyama, wakageuka vyura kabla ya wakati. Mwaka 1920 Julian Huxley aliwalisha aksoloti tezi ya ng'ombe, nao wakageuka. Tezi hiyo huunda homoni kwa madini joto, yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi yetu kuzuia rovu. Aksoloti anayo tezi hiyo, ila ubongo wake hauiamshi vya kutosha. Katika ziwa la Xochimilco, kwao Mexico, ambalo zamani halikukauka, kutoka majini hakukuwa na faida kubwa.

Tanzania haina salamanda, lakini ina kinyume chake. Mwaka 1905 Gustav Tornier wa Berlin alieleza chura wa milima yetu anayezaa watoto hai. Ndugu yake, chura wa Kihansi asiyezidi sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996: watoto wake humaliza uluwiluwi tumboni mwa mama. Manyunyu ya maporomoko ya Kihansi yalimlowesha, ila hakuwa na dimbwi la kulelea. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliookolewa walizalishwa Marekani, na mwaka 2010 baadhi wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Aksoloti naye yu hatarini kutoweka Xochimilco. Wote wawili walijengwa na maji yao. Basi mabomba yanayonyunyizia bonde la Kihansi badala ya manyunyu yaliyopungua yasizimwe, na mabonde ya Temeke na Kinondoni, yenye madimbwi yale ya viluwiluwi, yasifukiwe kwa kifusi.