Bure Si Huru

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tulitazame neno moja dogo la Kiswahili, nalo ni bure. Nimelichagua kwa sababu ya swali ambalo baadhi yenu mmeniuliza zaidi ya mara moja, kila ninapoyagusa makampuni makubwa ya teknolojia. Mnasema: simu yangu haijanidai hata senti kwa ajili ya ramani, barua pepe, wala programu ya kutafutia habari. Sasa wewe mtangazaji unalalamikia nini?

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa kejeli. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu ya kompyuta nayo imeundwa. Wapo wahandisi waliolipwa mishahara ili iandikwe, na ipo mitambo inayokula umeme usiku na mchana ili ifanye kazi. Kwa hiyo, kabla ya kushukuru kwamba kitu ni cha bure, yatupasa tuulize gharama zake zimelipwa na nani, na huyo aliyelipa alikuwa akitafuta nini. Historia ya miaka 30 hivi iliyopita inalo jibu, na tuifuate hatua kwa hatua.

Mwaka 1994 kampuni changa ya Marekani iitwayo Netscape ilitoa kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Wanafunzi na walimu walikipata bila malipo, lakini makampuni yalitakiwa kulipia leseni. Kivinjari hicho kilipendwa mno. Netscape ilipouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, Agosti 1995, hisa iliyotolewa kwa dola 28 ilimaliza siku ikiwa zaidi ya dola 58.

Mwezi huo huo Microsoft, ambayo mfumo wake wa Windows ulikuwa umetawala kompyuta za mezani, ilitoa kivinjari chake, Internet Explorer. Haikukiuza kama Netscape ilivyokiuza chake. Ilikigawa, na hatimaye ikakifunganisha na Windows yenyewe, hata aliyenunua kompyuta mpya akawa amekikuta ndani. Kwa mnunuzi hiyo ilikuwa neema. Kwa Netscape ilikuwa sawa na muuza maji aliyeamka asubuhi akamkuta tajiri wa mtaa amefungulia bomba mbele ya kioski chake na kuwaambia watu wachote watakavyo.

Je, tajiri alipata nini? Microsoft ilikuwa na hofu ya kweli. Kama watu wangezoea kufanya kazi zao zote ndani ya kivinjari, isingekuwa na maana tena kompyuta inatumia Windows au mfumo mwingine. Windows ndiyo iliyokuwa ikiingiza fedha. Basi kile kilichogawiwa bure kilikuwa boma la kulinda kile kilichouzwa.

Serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, iliishitaki Microsoft Mei 1998 kwa sheria za kuzuia ukiritimba. Novemba 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson aliona kuwa kampuni hiyo ilikuwa imehodhi soko, na Juni 2000 akaamuru igawanywe mara mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua amri ya kuigawanya, lakini ikakubali kwamba Microsoft ilikuwa imevunja sheria katika kuulinda ukiritimba wake. Lakini hukumu hiyo iliikuta Netscape si kampuni ya kujitegemea tena. Ilikwishanunuliwa na AOL mwaka 1999.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo bili ya kile kitu cha bure inapoonekana. Internet Explorer toleo la 6 lilitoka mwaka 2001, wakati zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliotembelea intaneti walikuwa wakielekea kutumia kivinjari hicho. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2006. Katikati ni miaka 5. Mshindani alikuwa ameondoka, na mwenye bomba hakuona haraka ya kulitengeneza. Waliolipia dakika katika intaneti kafe za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala miaka ile walikuwa wakitumia kivinjari kikuukuu, chenye matundu ambayo virusi waliyajua njia. Hakuna aliyewaletea hati ya madai. Walilipa kwa kungoja.

Ni nini kilichomwamsha mwenye bomba? Mapema mwaka 1998, ilipoona maji yamefika shingoni, Netscape iliweka hadharani msimbo wa kivinjari chake, yaani maandishi yenyewe ya programu, ili mtu yeyote auchukue, aurekebishe na kuugawa. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa Firefox, ambacho toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2004. Watumiaji wakaanza kuhamia huko, na ndipo Microsoft nayo ikarudi kazini.

Hapo, ndugu msikilizaji, pana mambo mawili ambayo Kiingereza huyaita kwa neno moja na Kiswahili huyatenga. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alianzisha harakati za programu ambazo mtumiaji ana haki ya kuziendesha, kuzichunguza, kuzibadili na kuwapa wengine. Tangu hapo amekuwa akipata taabu kueleza kwamba hazungumzii bei, kwa sababu lugha yake ina neno moja tu kwa yote mawili. Sisi tumejaliwa. Tuna bure, na tuna huru. Internet Explorer ilikuwa bure. Firefox ilikuwa bure na pia huru. Bure ni habari ya bei, na bei hupangwa na mwenye mali. Huru ni habari ya mamlaka, na mamlaka hayo yakishatolewa kwa leseni, aliyeyatoa hawezi kuyafuata nyumbani kwako na kuyachukua.

Tusogee sasa kwenye simu ulizo nazo mkononi. Google iliinunua kampuni ndogo ya Android mwaka 2005. Novemba 2007 iliutangazia ulimwengu, pamoja na makampuni mengine, kwamba mfumo huo wa simu ungetolewa bila ada ya leseni na msimbo wake ungekuwa wazi. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Kufikia mwaka 2021 Google ilisema vifaa vinavyotumia Android vilikuwa vimepita bilioni 3. Tuseme kweli: bila uamuzi ule, simu za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo na barabara ya Luthuli huenda zisingekuwa nafuu hivyo. Hilo ni jema, na halifutwi na haya nitakayoyasema.

Lakini Android ina sehemu mbili. Msingi wake ni huru kweli. Juu ya msingi huo pana duka la programu la Google Play, ramani, na programu nyinginezo ambazo mnunuzi hutarajia kuzikuta. Hizo ni za bure, ila si huru. Mtengenezaji wa simu huzipata kwa mkataba. Tume ya Ulaya iliichunguza mikataba hiyo, na Julai 2018 ikaitoza Google faini ya euro bilioni 4.34. Tume ilisema kuwa mtengenezaji aliyetaka duka la Google Play alilazimika kuweka pia programu ya utafutaji ya Google na kivinjari cha Chrome. Ilisema pia kuwa alizuiwa kuuza hata simu moja yenye Android iliyobadilishwa bila kibali cha Google. Google ilikana, ikasema Android imeongeza uchaguzi kwa kila mtu. Septemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubaliana na sehemu kubwa ya uamuzi wa Tume, ikapunguza faini kidogo hadi euro bilioni 4.125.

Kilichofuata baada ya faini ile kilikuwa fundisho kuliko faini yenyewe. Oktoba 2018 Google ilitangaza kwamba watengenezaji wa simu za Ulaya wangeweza kuchukua duka na programu zake bila kuchukua utafutaji na Chrome, lakini sasa wangelipa ada. Maana yake ni kwamba bei ilikuwepo siku zote. Ilikuwa ikilipwa kwa kuiwekea Google nafasi ya kwanza machoni pa mtumiaji, na nafasi hiyo ndiyo Google huwauzia wenye matangazo. Mwaka 2023 kampuni mama, Alphabet, iliingiza dola bilioni 307 hivi, na kati ya hizo bilioni 238 hivi zilitokana na matangazo. Huyo ndiye aliyelipia ramani yako, na alichonunua ni macho yako.

Kisha likaja tukio la Huawei. Mei 2019 serikali ya Marekani iliyakataza makampuni yake kufanya biashara na kampuni hiyo ya China bila kibali. Septemba mwaka huo Huawei ilizindua simu ya Mate 30. Msingi wa Android ilikuwa nao bado, kwa kuwa ule ni huru na hakuna aliyeweza kuunyang'anya. Duka la Google Play halikuwemo. Simu moja ikaonyesha mpaka ulipopita: kilichokuwa huru kilibaki, na kilichokuwa bure tu kiliondoka.

Pengine utasema hayo ni ya vigogo, yanawahusu wao na mahakama zao. La hasha. Kwa miaka kadhaa Google Photos ilihifadhi picha za watu bila kikomo na bila malipo. Kuanzia Juni 1, 2021 utaratibu huo ulikoma. Picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya nafasi ya gigabaiti 15, na anayezidisha hulipa. Mwaka huo huo vyuo na shule zilizokuwa zimepewa hifadhi isiyo na kikomo zilitangaziwa kwamba kikomo kitawekwa. Kampuni haikuvunja sheria, maana mali ni yake. Lakini chuo kilichokwisha kuweka humo tasnifu, mitihani na kumbukumbu zake hakihami kwa siku moja.

Linganisha na mfano wa kwetu. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa msimbo wa programu za ofisi zilizoitwa OpenOffice. Sun haikuwa ikitoa sadaka. Ilikuwa ikishindana na Microsoft, na Office ilikuwa mfuko mnono wa Microsoft. Lakini iliutoa msimbo huo ukiwa huru. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, wakaufasiri katika Kiswahili na kuuita Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kwenda Marekani kuomba ruhusa. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutoa Windows na Office kwa Kiswahili, na tofauti ni kwamba hapo mwenye kuamua lini, vipi na mpaka lini ni Microsoft peke yake. Mwaka 2010 Sun ilimezwa na Oracle. Waandishi wengi wa OpenOffice hawakuwa na imani na mwenye nyumba mpya, basi Septemba mwaka huo wakachukua msimbo, wakatoka nao, wakaanzisha LibreOffice. Oracle haikuweza kuwazuia.

Sitaki nieleweke kwamba programu huru hula hewa. Mozilla, shirika linalotengeneza Firefox, kwa miaka mingi limepata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google, ili utafutaji wa Google uwe wa kwanza katika Firefox. Kila jahazi lina mwenye kununua tanga. Tofauti ni kama abiria anaweza kushuka bandarini akiwa na mzigo wake.

Kwa hiyo nawajibu walioniuliza. Tumieni vya bure, mimi pia navitumia. Mtu na picha zake za harusi ni juu yake. Ila mkuu wa shule, mkurugenzi wa halmashauri, mwenye zahanati na mwenye SACCOS wanashika amana za watu wengine. Hao, kabla ya kupokea zawadi, na waulize maswali matatu na kuyaandika majibu. Anayelipia hii ni nani, na anapata nini kwetu? Akibadili masharti mwakani, tutalipa kiasi gani? Na tukiamua kuondoka, tutatoka na kumbukumbu zetu zote, katika namna ambayo programu nyingine itaweza kuzisoma? Swali la tatu ndilo zito. Likikosa jibu, mkataba huo usitiwe saini, hata kama bei yake ni sifuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya siku hizi mara nyingi ni daftari lenyewe.