Kusi, Kaskazi na Siasa ya Malindi

Kabla ya makaa ya mawe na mafuta, nishati iliyoendesha biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa upepo: kaskazi ilileta majahazi pwani ya Afrika Mashariki, kusi ikayarudisha. Mreno Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, mizinga alikuwa nayo; ujuzi wa pepo hizo za msimu hakuwa nao. Mfalme wa Malindi, hasimu wa Mombasa, alimpa rubani, na mwezi Mei Wareno wakafika Calicut, India. Walirudi wakipingana na msimu: takriban miezi mitatu baharini, wengi wakafa kwa kiseyeye. Urafiki huo uliifaa Malindi kwa muda tu. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, penye bandari bora, na mtawala wa Malindi akahamia huko.