Stara ya Jirani katika Mji Mkongwe
Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyingi zikiwa za karne ya 19, zilijengwa ili kulinda stara. Mgeni aliishia barazani au sebuleni. Wenyeji walijipumzisha uani, nyuma ya kuta nene za matumbawe na chokaa. Wikio, chumba kilichovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, kiliwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka njiani.

Kuta hizo hazikuzuia jicho la angani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni ili kuchora ramani. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda faragha ya mtu na maskani yake, na mwenye droni hutakiwa kupata kibali kabla ya kuirusha.