Kutoka Mwindaji hadi Jangili: Funzo la Wahadzabe

Sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya Tanzania huwapa wanafunzi maneno mawili, mwindaji na jangili, kana kwamba tofauti yake ni leseni tu. Historia ya Wahadzabe, majirani zetu wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, inatufundisha zaidi ya hapo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mvulana wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali mtoto. Hakuna ubao wala mtihani. Hujifunza kwa kucheza na kuwaiga wakubwa, akilenga ndege na wanyama wadogo kama pimbi. Mishale ya sumu, inayotengenezwa kwa utomvu wa miti, huja baadaye.

Hata hivyo, shabaha ni nusu tu ya mafunzo. Kijana hujifunza pia kwamba nyama ya mnyama mkubwa si mali ya aliyemuua; hugawanywa kambini. Mwindaji akirejea hajisifu. Huketi kimya na wenzake, na damu iliyo kwenye mshale ndiyo inayotoa habari. Baadhi ya nyama, kama vile moyo na figo, huitwa epeme, na huliwa na wanaume waliokubaliwa tu. Kijana huingia katika kundi hilo baada ya kuua mnyama mkubwa. Kwa hiyo kuua hakumpi kijana utajiri, kunampa wajibu.

Malezi haya yalikutana na sheria za watu wengine. Mwaka 1896 utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni za kuwinda kwa leseni katika koloni lake la Afrika Mashariki, na Waingereza waliofuata wakaendeleza utaratibu huo. Miaka ya 1960, baada ya uhuru, serikali ilijaribu kuwahamishia Wahadzabe katika makazi ya kudumu huko Yaeda, lakini wengi walirudi porini. Mwaka 2007 kampuni moja ya kigeni ilitaka bonde la Yaeda liwe kitalu cha wageni wake kuwinda. Wahadzabe na watetezi wao walipinga, na kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000 za ardhi yao.

Tunaona umuhimu wa hati hiyo hasa kwa watoto. Mafunzo yasiyo na kitabu huishi porini. Pori likienda, darasa limefungwa, na maneno yake huenda nalo.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba, mnapofundisha msamiati huu, wanafunzi waende kwanza kwa babu zao wakaulize: ni mnyama gani aliyekuwa mwiko kumuua, nani alimfundisha kijana kuwinda, na nyama iligawanywaje? Wakirudi na majibu, ndipo tufungue kamusi.